Mtoto kauliza nani alianzisha hip-hop, nimjibu nini?

MamaWatatu:
Wakuu, habari zenu. Mwanangu ana miaka 11, anachana mistari kutwa nzima, hata akiwa bafuni. Jana kaniuliza, "Mama, hip-hop ilianzaje?" Nikamjibu ilitoka Marekani. Akabaki ananitazama, anasubiri niendelee, nami sina la kuongeza. Naomba mnisaidie nimweleze kwa namna atakayoielewa.

SanturiMbili:
MamaWatatu, usianze na rapa yeyote. Anza na binti aliyetaka nguo za kufungulia shule.

Anaitwa Cindy Campbell, wa Bronx, jijini New York. Ili apate hela ya nguo, tarehe 11 Agosti 1973 aliandaa disko kwenye ukumbi wa chini wa jengo walilokuwa wakiishi, 1520 Sedgwick Avenue. Kadi za mwaliko ziliandikwa kwa mkono. Kiingilio wasichana senti 25, wavulana senti 50. Wa kupiga muziki alikuwa kaka yake Clive, miaka 18, ndiye DJ Kool Herc. Watu humtaja Herc wakamruka Cindy, na hilo huniuma, maana bila yeye disko lenyewe lisingekuwepo.

Herc alizaliwa Kingston, Jamaika, akahamia Bronx akiwa na miaka 12. Kwao alishazoea kuona spika kubwa zikipangwa, muziki ukipigwa, na mtu kashika maiki akighani juu ya mdundo.

Sasa hapa mwambie mtoto afungue masikio. Herc alikuwa akiwatazama wachezaji. Aliona wengi wanasubiri pale waimbaji wanaponyamaza, zikabaki ngoma peke yake, ndipo wanajimwaga uwanjani. Tatizo, kipande hicho ni cha sekunde chache tu. Akatafuta santuri mbili za wimbo uleule. Ngoma zikiisha kwenye hii, anazianzisha kwenye ile, huku akirudisha ya kwanza nyuma. Waliocheza humo ndio b-boy na b-girl. Rafiki yake Coke La Rock akashika maiki, akawa anataja majina ya washikaji na kuchangamsha watu. Kuchana kulichipukia hapo.

Mimi nina mashine mbili za kupigia santuri na nimelijaribu hili mara nyingi. Kidole kwenye santuri, sikio moja kwenye hedfoni, na ukichelewa kidogo tu mguu wa mchezaji unabaki hewani. Grandmaster Flash, DJ mwingine wa Bronx, mzaliwa wa Barbados, alichora alama kwa kalamu ya nta juu ya santuri, ili aone kwa jicho ngoma zinapoanzia. Nami yangu ni ya njano. Nahesabu inapita mara ngapi mbele yangu, kisha naachia.

Mpitanjia:
Mweleze na hali ya Bronx yenyewe. Barabara ya Cross Bronx Expressway ilipita katikati ya makazi, maelfu wakahamishwa, na miaka ya 70 majengo mengi yaliteketea kwa moto. Pia Desemba 1971 magenge yalikaa kikao yakapatana. Kabla ya hapo kijana kuvuka kwenda kucheza mtaa wa wenzake ilikuwa hatari.

MamaWatatu:
Asanteni sana. Na redioni ilifikaje?

SanturiMbili:
Mwaka 1979. Sylvia Robinson, mwenye kampuni ya kurekodi muziki, aliwakusanya vijana watatu, Sugarhill Gang, wakarekodi "Rapper's Delight". Miaka 6 baada ya disko la Cindy! Muda wote huo hip-hop ilikuwa kwenye kumbi, viwanja na kanda za kaseti.

MamaWatatu:
Nimemsimulia jana usiku. Kilichomshika si majina, ni zile santuri mbili. Tangu asubuhi kang'ang'ania redio, kila wimbo naitwa: "Mama, njoo haraka, ngoma zimebaki peke yake!" Nikifika waimbaji wamesharudi.