Miiko ya kaya: ni falsafa au ni woga tu?

Mwalimu_Kaloleni:
Wandugu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kooni.

Nilipokuwa na miaka kama kumi na moja nilimfuata mbuzi wetu mpaka ndani ya kaya, yaani msitu mtakatifu wa sisi Wamijikenda wa Pwani ya Kenya, ambamo ni mwiko kutoa hata kijiti, nikavunja kijiti cha kumswagia. Babu akakiona mkononi mwangu nilipofika nyumbani. Hakunichapa. Alisema tu, "Kirudishe ulipokivunja." Si karibu na hapo, pale pale. Nilizunguka mle hadi jua likaanza kuzama, na babu yuko nje njiani, kachuchumaa, ananingoja wala hanisemeshi. Mpaka leo sina hakika kama nilikiweka chini ya mti wenyewe.

Sasa nafundisha sekondari. Juzi nimewaambia wanafunzi kwamba kaya ndiyo falsafa yetu sisi Wamijikenda. Mwenzangu wa ofisini akacheka: "Huo ni woga wa mizimu. Falsafa ni kuuliza, na kule hakuna kuuliza." Nikakosa la kusema. Nyinyi mngemjibuje?

Mjukuu_wa_Rabai:
Mwalimu, huyo mwenzako hajakosea kote. Marehemu Profesa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa akiwahoji wazee wa vijijini, akaona wako wa aina mbili. Kuna wanaoijua mila na kuisimulia kama walivyoipokea, na kuna wanaoweza kuipima mila hiyo hiyo, hata kuipinga kwa hoja. Kwa hiyo kuorodhesha miiko hakutoshi. Mtafute mzee anayeweza kukwambia kwa nini.

Mimi nilimuuliza mjomba sababu ya kuvua viatu mtu akiingia kaya. Nilitarajia habari za mizimu, mwenyewe akanambia, "Mwenye viatu hutembea kama ana haraka." Miaka sita sasa nalitafuna jibu hilo. Wala sijui kama ni mila au alilitunga papo hapo, na nikifikiri vizuri, hilo la pili ndilo lingenifurahisha zaidi.

Pwani_Kavu:
Jamani, msiipambe sana. Shamba letu limepakana na kaya, huku Kwale. Usiku nasikia msumeno wa injini. Wanaokata si wageni, ni watoto wetu, na miiko wanaijua yote, ukiwauliza watakutajia bila kukosea. Kaya nyingi ni vimisitu, hekta 30 hadi 200 hivi, mti mkubwa mmoja ukianguka pengo unaliona toka barabarani. UNESCO wameingiza baadhi yake kwenye urithi wa dunia tangu 2008. Sawa. Mnunuzi wa mbao haulizi hayo.

Na kuna jambo ambalo kwenye semina halisemwi. Wazee hao hao mnaowaita hazina wakiota mvi wanaitwa wachawi. Kilifi wameuawa, na mara nyingi ukichimba unakuta ugomvi wa shamba. Falsafa gani hiyo ambayo mwenyewe anaogopa kulala nyumbani kwake?

Mama_Dama:
Pwani_Kavu, ndugu yangu, sikubishii hata moja. Ila wewe watueleza ilivyoshindwa, na mimi nakumbuka ilipofanya kazi.

Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipowainua Wagiriama, Wamijikenda wenzetu, wakatae kodi na vijana wao kuchukuliwa kufanya kazi za wakoloni, hakuishia kuhutubia. Watu walikwenda kaya yao, Kaya Fungo, wakala viapo: wanawake kile kiitwacho mukushekushe, wanaume kile kiitwacho fisi. Kiapo kile kile ukikila sokoni ni maneno matupu, kesho mtu amekisahau. Nguvu yake ilikuwa ni pale kilipoliwa. Mwingereza alilielewa hilo kuliko huyo mwenzake Mwalimu, ndiyo maana Agosti 1914 akailipua kaya kwa baruti. Nani apoteze baruti kwa ajili ya woga wa mizimu?

Halafu nyinyi wanaume wa humu, kutwa "wazee, wazee". Huyo Mekatilili alikuwa mwanamke.

Mwalimu_Kaloleni:
Ahsanteni. Mama Dama, hilo la baruti naingia nalo darasani Jumatatu, na la mwisho nimelipokea, niwie radhi.

Pwani_Kavu, kuhusu mvi sina jibu. Babu yangu huyo wa kijiti, miaka yake ya mwisho alikuwa akipaka nywele rangi nyeusi. Sisi wajukuu tulidhani anajipendezesha, tukawa tunamtania.

Leo asubuhi nimempigia mzee mmoja wa kaya, nimwombe nipeleke wanafunzi. Akauliza ni wangapi. Nikamwambia arobaini na wawili. Kimya. Kisha akasema niwalete kumi kumi. Nikamuuliza kama wataruhusiwa kuuliza maswali.

"Waulize," akasema. "Lakini nje, kabla hawajavua viatu."