Daktari kasema ndigana baridi, mimi naona matezi. Nimwambieje?

MamaMtamba (Arumeru)
Habari wadau. Mtamba wangu chotara wa Friesian anaumwa. Jana homa 41.2, machozi yanamtoka, majani anayanusa tu. Tezi la chini ya sikio limevimba, na la mbele ya bega linajaa kiganja. Daktari amesema ni ndigana baridi (anaplasmosis, ugonjwa wa kupe), akachoma OTC 20% (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) ml 15. Damu hakuchukua. Leo asubuhi homa 41 na ameanza kukohoa. Mzunguko wa kifua sm 150, urefu kutoka bega hadi kitako sm 130. Huyu mtamba ni kipenzi cha nyumba nzima, na daktari ni huyohuyo kata yote, sitaki tukosane. Nisubiri dawa ifanye kazi?

Zizi la Juu
Usisubiri, mama. Ndigana baridi kwa kawaida haivimbishi matezi namna hiyo. Mnyama mwenye ndigana baridi hupauka fizi, baadaye zinakuwa za manjano, kinyesi kinakuwa kigumu na kikavu, na anakonda upesi. Mfunue mdomo uangalie. Matezi, homa ya 41 na kikohozi vikija pamoja, cha kwanza kufikiria ni ndigana kali (East Coast fever, ugonjwa mwingine wa kupe), hasa ukikuta kupe wa kahawia ndani ya masikio.

OTC haiponyi ndigana kali iliyokwisha kujitokeza. Inasaidia vimelea vikiwa ndiyo kwanza vinaingia mwilini, ndiyo maana huchomwa siku ileile ya chanjo ya ndigana kali. Hapo ulipofika dawa ni buparvakwoni, wengi tunaiita Butalex: ml 1 kwa kilo 20, msuli wa shingo, na inarudiwa baada ya saa 48 hadi 72 kama homa haijashuka.

Hadubini
Nakubaliana na Zizi kuhusu matezi, ila homa kutoshuka isitumike kama ushahidi dhidi ya daktari. Piga hesabu ya uzito: 150 × 150 × 130, gawa kwa 10,840, unapata kama kilo 270. OTC 20% ni ml 1 kwa kilo 10, yaani ml 27. Kachomwa ml 15! Kwa dozi ndogo hivyo, hata ndigana baridi ingeweza isipone. Kukadiria uzito kwa macho kumeharibu matibabu mengi kuliko ujinga wa ugonjwa. Kwa Butalex, kilo hizo ni ml 13.5, zichomwe kwa mara moja ila sehemu mbili tofauti za shingo.

Kitakachomaliza ubishi ni slaidi, yaani kioo chenye sampuli ya kuangalia kwa hadubini. Omba mbili: ya damu ya ncha ya sikio, na ya majimaji ya tezi yaliyovutwa kwa sindano. Ya tezi ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu vimelea vya ndigana kali huzaliana ndani ya chembe nyeupe kabla havijaonekana kwenye damu. Zichukuliwe kabla ya sindano nyingine, maana dawa hupunguza vimelea na slaidi inasoma safi wakati ng'ombe bado anaumwa. TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) wana maabara Arusha. Angalizo: ng'ombe aliyewahi kupona anaweza kubaki na vimelea vichache kwenye damu, kwa hiyo "vimeonekana" peke yake haitoshi. Uliza ni vingi kiasi gani, na fizi zinasemaje.

MamaMtamba
Fizi ni nyekundu kama kawaida, kinyesi laini. Kupe nimewakuta masikioni. Sasa daktari namwambiaje?

Zizi la Juu
Mpigie sasa hivi, mpe taarifa, usimpe hukumu. "Daktari, homa bado 41, anakohoa, fizi hazijapauka, matezi yamevimba. Tunaweza kuvuta tezi tupime kabla ya sindano nyingine? Na nimempima kwa futi, anakaribia kilo 270." Daktari makini atabadili mawazo mwenyewe akisikia hayo. Akikataa kupima, muulize ni dalili gani inayomfanya aiondoe ndigana kali. Hilo ni swali la kitaalamu, si ugomvi. Mwombe pia aandike dawa, kiasi na tarehe, ili ukiita mwingine asianze gizani.

Hadubini
Kama maabara ni kesho, sampuli ichukuliwe leo na Butalex ichomwe leo, majibu yatafuata. Mpeleke kivulini, asitembezwe hata kwenda josho. Kupe waondolewe hapohapo zizini. Pumzi ikiwa ya haraka au povu likitoka puani, mapafu yameanza kujaa maji. Hapo anahitaji pia dawa ya kutoa maji, na ni ya kuchomwa na daktari, usiku huohuo.