Mrejesho: CT ya fezi ya njano, mashine ya mbao Mafinga

Wakuu, lile swali la mita ya fezi tatu kusoma theluthi moja tu ya mzigo: CT moja ya 200/5, ya fezi ya njano, ilikuwa imegeuzwa (CT ni transfoma ndogo inayopunguza mkondo ili mita iupime; 200/5 ni ampea 200 kuwa 5). Mbili zinajumlisha, ya tatu inatoa.

Umeme ukiwa umezimwa na sekondari (nyaya za S1 na S2 zinazotoka CT kwenda mita) imetolewa kwenye mita, nilipitisha waya kwenye tundu la CT, chanya ya betri ya tochi (1.5V) upande wa P1 (unakoingilia mkondo mkuu). Mita ya mshale, DC: nyekundu S1, nyeusi S2. Anza skeli ya 10V, ushuke. Gusa kidogo tu, waya unapata moto. CT ikiwa sawa, mshale uruke kulia unapogusa. Ukiachia utaruka kushoto, huo usiuhesabu. Wangu ulianza kushoto. Ya dijitali haifai, pigo linapita haijasoma.

Nimebadilishana S1 na S2, skrubu zikabanwa kabla ya kuwasha: sekondari iliyo wazi (haijaunganishwa) huku mzigo unavuta umeme inaua.