Omakase ya mchana kwa bei nafuu hapa Tokyo: kuwapeleka wakwe

Assalaam alaykum na habari za wakati huu, ndugu zangu.

Wakwe zangu wanakuja kututembelea kutoka Mombasa mwezi ujao, na mume wangu anatamani sana kuwapeleka mahali pa omakase, ambapo mpishi ndiye huchagua mtakachokula, wakae kaunta na kuandaliwa sushi, yaani matonge ya wali wenye siki na samaki juu yake, mbele ya macho yao. Uwezo wetu ni yeni 5,000 kwa kila mtu. Baba mkwe hagusi chochote chenye kileo, na mama mkwe hajawahi kula samaki mbichi. Je, jambo hili linawezekana, au tuwapeleke tu kwenye sushi ya mkanda, ile ambayo sahani huwapitia watu mbele yao juu ya mkanda?

*

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Linawezekana, na kwa kiasi hichohicho ulichokitaja, ilimradi muende mchana. Mgahawa wenye viti vinane au kumi hulipa kodi ya pango ileile ukifungua mchana au usipofungua, na samaki aliyenunuliwa alfajiri hangoji mtu; ndiyo maana wapishi wengi huandaa mchana menyu fupi ya matonge manane hadi kumi na mawili kwa yeni 4,000 hadi 6,000, ilhali usiku mpishi yuleyule, akitanguliza vitoweo vidogovidogo kabla ya sushi yenyewe, hutoza mara mbili au tatu ya hapo. Siku nayo ina maana yake. Soko la samaki la Toyosu, ambalo tangu Oktoba 2018 limechukua nafasi ya soko la ndani la Tsukiji, hufungwa Jumapili na Jumatano nyingi, kwa hiyo mimi huchagua Ijumaa au Jumamosi.

Omakase maana yake ni kumwachia mpishi aamue, lakini katika migahawa ya bei nafuu huwa hamumwachii aamue bei: imeandikwa, na tangu Aprili 2021 bei inayoonyeshwa kwa mteja inapaswa kuwa imekwisha kujumuisha kodi, ambayo kwa anayekula palepale ni asilimia 10. Bakshishi haitolewi. Chai ya kijani kwa kawaida ni ya bure, maji ya chupa hulipiwa. Hesabu huharibika mwishoni, baada ya tonge la yai, mpishi anapouliza kwa upole kama mngependa kuongeza kitu. Mwaka wangu wa pili hapa niliitikia mara tatu bila kuuliza bei, nikalipa karibu yeni 4,000 zaidi ya nilizozipanga, kwa matonge matatu tu. Tangu siku hiyo huuliza kwanza, na hakuna mpishi aliyewahi kukasirika. Mkiona ubaoni neno jika, fahamuni kwamba ni bei ya siku hiyo na haikuandikwa.

Sasa nije kwa baba mkwe, maana hapa ndipo watu wengi wa kwetu hukosea kwa kudhani kwamba samaki ni samaki, na kwamba kukataa bia kunatosha. Kabla ya kukukabidhi tonge, mpishi hulipaka juu yake mchuzi uitwao nikiri, ambao ni mchuzi wa soya uliochemshwa pamoja na mirin, yaani kileo kitamu cha mchele kinachotumiwa jikoni, na mara nyingi pombe ya mchele yenyewe. Mchuzi mzito unaopakwa juu ya anago, samaki wa jamii ya mkunga, una viungo hivyohivyo, na yai nalo mara nyingi hutiwa mirin. Hata wali wenyewe, ukiuona una rangi ya kahawia, umetiwa siki nyekundu itokanayo na machicha ya pombe ya mchele. Kuchemsha hupunguza kileo, na siki ni siki. Kama hayo yanamhalalishia au hayamhalalishii ni juu yake na elimu yake, lakini ni haki yake kuyajua kabla hajakaa, wala si sisi vijana kumwamulia kwa kunyamaza.

Mkiweka nafasi, andikeni mapema sentensi hii: “Mirin ya osake o tsukatta mono wa taberaremasen,” maana yake hatuwezi kula vitu vilivyotiwa mirin au pombe. Msingoje kusema mkiwa kaunta, kwa sababu nikiri imekwisha kupikwa na wali umekwisha kutiwa siki. Wapo wapishi watakaomtengea matonge ya chumvi na maji ya ndimu, na kwa samaki mweupe au ngisi mimi huyapenda hata kuliko yale ya mchuzi. Wapo pia watakaowajibu kwamba hawawezi. Jibu hilo lipokeeni kwa shukrani, kwa kuwa mpishi anayekataa wazi anamheshimu mzee kuliko anayeitikia kisha akapaka mchuzi uleule.

Kwa mama mkwe nina matumaini zaidi. Sushi ya mtindo wa Edo, jina la zamani la Tokyo, ilikua katika karne ya 19 kabla ya majokofu, na kwa hiyo sehemu yake kubwa si mbichi kama tunavyodhania: kohada, samaki mdogo wa rangi ya fedha, hutiwa chumvi kisha siki, anago huchemshwa polepole mpaka alainike, kamba huchovywa katika maji ya moto, na jodari huweza kulowekwa katika mchuzi wa soya. Pweza naye huchemshwa, na pweza wengi wanaoliwa Japani wametoka Mauritania na Moroko, kwa hiyo huenda tonge lake la kwanza likawa la samaki wa bara letu wenyewe. Hata hivyo, kumwomba mpishi wa omakase avipike vyote ni kumwachia kazi na kumnyang'anya papo hapo. Ushauri wangu ni kwamba siku mbili kabla, mpelekeni kwenye hiyo sushi ya mkanda, aonje kwa yeni 150 au 200 kwa sahani na akiache asichokipenda bila kumwonea mtu haya. Mkishajua anachokubali, mwandikieni mpishi.

Jambo moja litakuwa gumu kuwaambia wazee wetu wa pwani, lakini lazima liambiwe: siku hiyo wasijifukize udi wala wasijipake marashi. Harufu nzito kwenye kaunta huwaharibia chakula wageni wote. Bangili na saa zivuliwe, kwani ubao wa kaunta ni laini na hukwaruzika. Kula kwa mkono kunaruhusiwa kabisa, jambo litakalowafurahisha. Tonge liliwe mara tu linapowekwa, maana wali huandaliwa uwe na uvuguvugu wa mwili na hupoteza ladha ukipoa. Mama akiona matonge ni makubwa, aseme “shari sukuname”, naye atapunguziwa wali.

*

Ndugu zangu, naomba niongeze machache kutokana na niliyoyaona nilipompeleka baba yangu. Viti vya kaunta mara nyingi ni virefu na havina pa kuegemea, kwa hiyo ulizeni kama kuna viti vya chini ikiwa mzee ana matatizo ya goti. Wageni wote huanza kuhudumiwa kwa wakati mmoja, na anayechelewa dakika 15 huwachelewesha watu wanane. Fikeni dakika tano kabla, msifike nusu saa kabla, kwa kuwa hakuna pa kungojea. Watoto wadogo hawapokelewi kila mahali. Na kama safari ya wazee itaahirishwa, futeni nafasi siku tatu kabla, kwani anayefuta siku yenyewe huweza kukatwa bei kamili ya watu wote wanne kwenye kadi aliyowekea nafasi.