Udata kwa mtoto mchanga: ukatwe sasa au tusubiri?

mkunga_zamu:
Wadau, mtoto ana siku 12. Alizaliwa na kilo 3.2, leo ana 3.05. Ananyonya dakika 40 na zaidi, anaachia titi kila mara huku ulimi ukilia "tk tk", na chuchu za mama zinatoka zimebanwa bapa, zina nyufa. Akilia, ncha ya ulimi inakatika katikati kama kopa. Bibi anataka utando unaoshika ulimi chini (ndio udata) ukatwe leo leo. Nianzie wapi?

MaziwaKwanza:
Anzia kwenye titi, mkasi baadaye. Tazama mnyonyo mzima, si dakika mbili. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, na weusi wa titi uonekane zaidi juu kuliko chini. Mpakato mbaya (jinsi mtoto anavyowekwa na kushika titi) pekee unaweza kuleta chuchu bapa na mlio huo hata kwa mtoto asiye na udata. Wapo pia wenye utando hadi nchani wanaonyonya bila shida, hao waacheni.

Uzito ndio unaonipa wasiwasi. Kupungua siku za mwanzo ni kawaida, lakini kufikia siku ya 10 hadi 14 awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Akiongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku, gramu 150 hizo hazirudi kwa siku mbili. Kwa hiyo anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, mama akamue kila baada ya kunyonyesha, mtoto apewe maziwa hayo kwa kikombe. Asipokamua, maziwa yatapungua, na hapo hata ulimi ukifunguliwa hakuna cha kunyonya. Mpime tena baada ya saa 48, mizani ileile, bila nguo. Na hesabu nepi: mkojo chini ya mara 6 kwa siku, au mtoto amelegea, aonwe na daktari siku hiyohiyo.

dkt_kinywa:
Naongezea. Mpakato ukirekebishwa na maumivu yakabaki, kukata ni halali. Uliza kwanza: alipata vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda? Kuna ugonjwa wa kutokwa damu kwenye ukoo? Mtoto anaviringishwa shuka, msaidizi anashika kichwa, ulimi unainuliwa, utando mwembamba unakatwa kwa mkasi wenye ncha butu, karibu na ulimi, mbali na matundu ya mirija ya mate yaliyo sakafuni mwa mdomo. Bonyeza kwa gozi (kitambaa cha shashi), kisha titi hapohapo. Wembe au kucha nyumbani, hapana kabisa: chini ya ulimi kuna mishipa ya damu.

Msimwahidi mama makubwa. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalionyesha maumivu ya chuchu yanapungua kwa muda mfupi. Kuhusu mtoto kunyonya vizuri zaidi, matokeo hayakulingana.

mkunga_zamu:
Asante. Vitamini K alipata. Baada ya kukata, kuna mazoezi ya kuvuta ulimi?

dkt_kinywa:
Sishauri. Hakuna ushahidi mzuri kwamba yanazuia utando kujishika tena, na kusugua kidonda kunaweza kumfanya mtoto akatae titi. Doa jeupe au la njano chini ya ulimi kwa wiki moja au mbili ni kupona, si usaha. Damu ikirudi, mnyonyeshe. Isipokoma, bonyeza kwa gozi safi dakika 5 bila kuchungulia, na ikiendelea mkimbize hospitali.

MaziwaKwanza:
Na yeyote akitaka kukata utando wa mdomo wa juu "kwa pamoja", kataeni. Huo karibu kila mtoto anao.