Ukuta unavimba na kutoa chumvi: nipige lipu upya au nianzie kwingine?

Mleta uzi:
Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwa walioishi kwenye nyumba walizojenga wenyewe. Ukuta wa nje wa chumba cha watoto unaharibika. Rangi inavimba na kubanduka, lipu inapukutika, na chumvi nyeupe inajitokeza. Inaanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Juu ya hapo ni pakavu kabisa. Fundi mmoja anataka tubandue lipu, tupige nyingine yenye saruji nyingi na kupaka rangi ya kuzuia maji. Mwingine anasema tutoboe ukuta tuingize dawa ya kuzuia unyevu usipande. Fedha niliyo nayo inatosha kazi moja tu, na mtoto mdogo anakohoa usiku. Nimsikilize yupi?

Mchangiaji wa 1:
Pole sana. Usimpe yeyote malipo ya awali bado. Toka nje, ukague chini ya ukuta huo. Kati ya msingi na tofali huwa kuna karatasi ya kuzuia unyevu, nayo inatakiwa iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Umeongeza udongo, bustani au kibaraza tangu uhamie? Kikifika juu ya karatasi, maji yanaingia moja kwa moja kwenye tofali na karatasi haina kazi tena.

Mchangiaji wa 2:
Niongezee kipimo kisicho na gharama. Bandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote uzizibe kwa utepe wa gundi, uache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba, basi fungua madirisha zaidi.

Mchangiaji wa 3:
Mimi ni fundi na napinga hiyo lipu ya saruji nyingi. Inaziba uso, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi. Utafurahi msimu mmoja, kisha utaiona chumvi kifuani badala ya kiunoni.

Mleta uzi:
Asanteni mno. Nailoni imeonyesha matone upande wa ukuta. Na kibaraza cha zege tulikimwaga baada ya kuhamia. Kimepita juu ya karatasi, tena kinainamia ukutani. Kwa hiyo dawa haihitajiki?

Mchangiaji wa 1:
Dawa isubiri, chanzo umekipata. Kata ukanda wa zege ulioungana na ukuta, uchimbe hadi chini ya karatasi, ujaze kokoto na uweke njia ya maji kutoka, yasituame humo. Zege iliyobaki irekebishe imwage maji mbali na nyumba, kama sentimita 5 kwa kila mita. Angalia pia gata: bomba linalomwaga chini ya ukuta linaweza kuharibu kazi yote hiyo.

Mchangiaji wa 3:
Ndani, bandua lipu iliyooza na kipande kidogo juu yake, kisha uache tofali wazi. Chumvi ipige brashi ikiwa kavu. Ukiiosha kwa maji inarudi ndani. Na tafadhali usikimbilie kupaka rangi! Kwa makadirio yetu, ukuta hukauka takriban milimita 25 kwa mwezi, kwa hiyo ukuta mnene unaweza kuchukua miezi mingi. Baadaye piga lipu inayopumua, ya chokaa, na rangi isiyoziba.

Mchangiaji wa 2:
Kuhusu mtoto, mhamishie chumba kingine leo hii, usingoje ukuta. Kikohozi hicho daktari akisikilize, na umweleze habari ya unyevu. Kama hakuna chumba kingine, sogeza vitanda na makabati mbali na ukuta huo na uache dirisha wazi mchana.

Mleta uzi:
Vitanda nimeshavihamisha. Kesho tunaanza kukata zege.