Tupeane uzoefu: Ni lini uligundua kuwa lile lililokuliza lilikuwa neema?

Mwenye Mada
Wakuu, salaam. Leo nilikuwa napanga kabati, nikakutana na barua yangu ya kuachishwa kazi. Karatasi moja, mistari michache, mwishoni wameandika "tunakutakia kila la heri huko uendako". Huko niendako kwenyewe nilikuwa sikujui. Siku ile niliisoma nikiwa kwenye ngazi za ofisi na boksi la vitu vyangu kwapani, najiuliza nimemkosea Mungu nini.

Nikarudi kwa wazazi kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Mzee alikuwa ameanza kuumwa. Mimi na yeye tulikuwa watu wa salamu tu: shikamoo, marahaba, imeisha. Kwa kuwa mimi ndiye nisiye na kazi, kumwogesha na kumnyoa kukawa juu yangu. Kunyoa ndiko kulikotufungua midomo. Mtu aliyekukabidhi koo lake kwenye wembe hawezi kuendelea kukununia. Povu liko shavuni, mzee anaanza kunisimulia ujana wake, mambo ambayo hata mama alikuwa hajawahi kuyasikia. Alifariki kabla sijapata kazi nyingine. Ningekuwa kazini, ningepewa ruhusa ya kwenda kuzika, basi.

Sasa naomba tusiletewe zile shuhuda za ushindi, "nilifukuzwa, leo nina kampuni yangu". Zimejaa kila kona. Nataka pale ambapo neema ilikuja imevaa sura ambayo usingeifungulia mlango. Karibuni.

Kobe Mtaratibu
Umenigusa pabaya, mkuu. Naweka kiti nisome.

Bint Alfajiri
Assalaam alaykum. Posa ilishapokelewa, tarehe imepangwa, kadi zimegawiwa. Nikaswali istikhara, rakaa mbili na dua yake: kama lina kheri nami, nirahisishie, kama lina shari, niepushie. Ukweli ni kwamba jibu nilishajichagulia mwenyewe moyoni, nilikuwa naomba muhuri tu. Wiki ileile akatuma mtu kuja kusema ameghairi. Mama alizunguka nyumba kwa nyumba kurudisha habari, mimi nimejifungia chumbani.

Aya ya 216 ya Al-Baqara nilikuwa naijua tangu madrasa, kwamba huenda mkachukia jambo nalo ni kheri kwenu. Niliimeza nikiwa mdogo, ikaja kuniingia ukubwani. Nikarudi kwenye masomo niliyokuwa nimeyaacha kwa ajili yake, nikayamaliza. Na nimejua kuishi peke yangu bila kuinamisha uso. Sijaolewa mpaka leo, kwa hiyo msiniulize yule "bora zaidi" yuko wapi. Hayupo, na kheri niliiona.

Jino la Pembe
Dada, istikhara yako ina kasi kuliko intaneti yangu.

Bint Alfajiri
Wewe cheka tu.

Mkata Tamaa
Mimi nami nilifukuzwa, nikaambiwa nisubiri mlango mwingine ufunguke. Nimekaa paleee.

Mzee wa Zaburi
Kijana, Yusufu alikuwa na miaka 17 habari zake zinapoanza kusimuliwa, ndugu zake wakamuuza. Amesimama mbele ya Farao ana miaka 30. Na yule mnyweshaji aliyemtafsiria ndoto gerezani akamwomba amkumbuke, alimsahau miaka 2 mizima. Vumilia.

Mkata Tamaa
Asante mtumishi. Kwa hiyo bado kama miaka 13 hivi. Nimefarijika mno.

Swali Gumu
Naomba niwaharibie shughuli. Kila nikisikia "nilichelewa basi, basi likapata ajali, Mungu ni mwema", najiuliza: na waliowahi je? Nao walisali asubuhi ile. Tunachoita neema ni simulizi ya walionusurika. Waliokufa hawana nafasi ya kuandika humu.

Mzee wa Zaburi
Swali lako ni la zamani, ndugu. Luka 13: mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa. Yesu akauliza, mnadhani wao walikuwa wakosaji kuliko wengine? Akajibu mwenyewe: sivyo. Kwa hiyo anayesema amenusurika kwa wema wake anabishana na Injili, habishani na wewe.

Swali Gumu
Amesema kisichokuwa sababu ya kufa kwao. Hajasema kwa nini walikufa.

Mzee wa Zaburi
Hilo nakubali.

Figo Moja
Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, leo nimeshindwa kupita kimya.

Kaka yangu figo zote mbili zilikufa. Akawa anaunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila safari, akirudi hana nguvu hata ya kuvua viatu. Mimi na yeye tulikuwa hatusemeshani kwa sababu ya mirathi. Mama akanipigia: "Wewe ndiye wa tumbo moja naye. Ukikataa nitakuelewa. Lakini usikatae."

Nikaenda. Damu ikaoana. Nikaanza kujiona shujaa, natembea mle hospitali kifua mbele. Ikafika zamu ya utrasaundi. Dada wa vipimo akanipaka ile jeli ya baridi, anapitisha kidude chake ubavuni huku ananiuliza habari za watoto. Kulia, sawa. Kushoto, akanyamaza. Akarudia palepale. Akabonyeza, akapima, akabonyeza tena. Akasema "nakuja", akarudi na daktari, na daktari hakunisalimia, macho yalikwenda kwenye skrini kwanza.

Uvimbe. Mdogo, ndani ya figo ileile niliyokuwa nimeipanga kwa ajili ya kaka. Sikuwa na maumivu, mkojo safi, uzito uleule. Daktari akanieleza kwamba saratani ya figo mara nyingi haitoi dalili mpaka ikue, na nyingi hugundulika hivyohivyo, mtu amekwenda kupimwa jambo lingine. Wakaitoa figo nzima, mambo yakaishia hapo.

Msifikiri nilishukuru. Nilichoona ni kwamba mama alikuwa na mgonjwa mmoja, sasa ana wawili. Nilikwenda kumwambia kaka akiwa kwenye mashine, mirija imejaa damu mkononi. Alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Akasema, "Kwa hiyo zangu zimekufa ili yako ionekane." Toka kwenye kikao cha mirathi alikuwa hajanitamkia sentensi ndefu kama hiyo.

Kobe Mtaratibu
Vinyweleo vimesimama.

Jino la Pembe
Mleta mada samahani, uzi umeshabadilisha mmiliki. Mkuu Figo, kaka alipata figo?

Figo Moja
Hakupata. Alifariki. Lakini tulikuwa tumeshapatana.

Swali Gumu
Pole sana, mkuu. Lakini hapo ndipo ninaposimama mimi. Mmoja kafa, mwingine kapona, halafu tunaita neema. Neema ya nani?

Bint Alfajiri
Soma Suratul Kahf. Khidhri, yule mja wa Mungu aliyesafiri na Musa, alitoboa jahazi la maskini, Musa akaona ni ubaya mtupu. Kumbe mbele yao kulikuwa na mfalme anayenyang'anya kila jahazi. Tundu ndilo lililowaokoa.

Swali Gumu
Musa alielezwa sababu palepale, kabla hawajaachana. Mimi na wewe nani anatueleza?

Mtumishi Fulani
Roho ya ubishi hiyo, ndugu. Inahitaji maombi ya kufunga.

Swali Gumu
Na yako inahitaji hoja.

Figo Moja
Jamani. Kaka yangu si mfano wa kushindania. Nilichoandika ni kwamba tuliingia mle hatuongei, tukatoka tunaongea. Kwa nini yeye na si mimi, sijui, na yeye alikuwa hajui. Mtumishi, na wewe acha.

Mama Huruma
Ushauri wangu: yule anayelia leo, usimwambie Mungu ana makusudi. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Aseme neema mwenyewe, siku akiiona.

Mtumishi Fulani
Mimi nasema mwambie hapohapo. Mimi niliambiwa msibani na likanishikilia.

Mama Huruma
Wewe. Mimi niliambiwa nikatamani kumfukuza mtu.

Kobe Mtaratibu
Musa alipotaka kuuona utukufu wa Mungu aliwekwa kwenye ufa wa mwamba, akafunikwa kwa mkono, akaonyeshwa mgongo tu. Labda ndiyo maana sote humu tunasimulia yaliyokwishapita.

Mtu wa Nyaraka
Mnapenda sana neema ya ghafla. Tazameni John Newton, yule Mwingereza aliyetunga wimbo wa "Amazing Grace". Dhoruba ya 1748 ilikaribia kuzamisha meli, akamlilia Mungu, akaokoka. Tunavyohubiriwa inaishia hapo. Kilichofuata ni kwamba alikuwa nahodha wa meli za watumwa akiwa tayari ameshaokoka! Kilichomtoa baharini ni ugonjwa wa ghafla mwaka 1754, na hadharani alikuja kuipinga biashara ile mwaka 1788. Ile miaka yote katikati, waliofungwa kwenye meli zake wangekwambia nini kuhusu neema yake?

Mtumishi Fulani
Sasa unamhukumu mtu wa Mungu.

Mtu wa Nyaraka
Alijihukumu mwenyewe kwa maandishi yake. Mimi nataja miaka tu.

Mkata Tamaa
Wataalamu, swali la vitendo: ninaposubiri nifanye nini? Nifunge? Niandike kila siku mambo ya kushukuru?

Mama Huruma
Andika.

Jino la Pembe
Usiandike, utakuta ukurasa mtupu uzidi kuchanganyikiwa. Lala.

Mzee wa Zaburi
Tuma maombi ya kazi. Na ufunge.

Mama Mapacha
Sijasoma komenti zote. Mimi niliambiwa sitazaa, nikakubali, tukamchukua mtoto wa kulea. Tulipomzoea tu, nikapata mimba. Mapacha! Mungu ni mwema.

Mwenye Mada
Dada yangu, hongera sana, ila nilisema shuhuda za ushindi hapana.

Mama Mapacha
Njoo ulale kwangu usiku mmoja na hawa watatu, halafu uniambie nani ameshinda.